Ndiyo ya Mlangoni

Bwana Prichadi alikuwa na swali moja ambalo kila mtu alilazimika kulijibu kabla ya kuruka kutoka kwenye ndege, na swali hilo ndilo lililotaka kumuua Kornel. Nalisema mapema ili asitokee mtu akadhani nasimulia ushujaa. Wapenda ushujaa walijaa tele pale uwanjani wakipiga soga, na wengi wao hawakuwahi kukanyaga hata ngazi ya ndege yenyewe.

Ilikuwa miaka ile nzige wekundu walipokuwa wakizaliana kule chini, bonde la Ziwa Rukwa. Mvua zikianza, njia ya kushuka Muze ilikatika, na watu waliotumwa kutafuta tunutu, wale nzige wachanga wasio na mabawa bado, walikwama kwenye matope. Habari zao zilipofika Sumbawanga, nzige walikuwa wameshaota mabawa na kupanda huku juu kula ulezi wa watu. Prichadi alikuwa askari wa miamvuli wakati wa vita. Akawashawishi wakubwa wa kazi ya nzige kwamba vijana wawili watatu wakifundishwa kuruka, ndege itawadondosha huko huko bondeni, na tunutu wataonekana mapema. Wakubwa walikubali, labda kwa sababu si wao watakaoruka.

Mimi, Huseni, mtoto wa Mzee Hamidi mwenye malori pale Majengo, nilijiandikisha kwa sababu baba alinikataza. Kornel alijiandikisha kwa sababu ya kweli. Nzige walimaliza shamba lao mwaka aliofariki baba yake, na yeye na mama yake walikula mizizi hadi mavuno mengine. Alikuwa Mfipa wa mashambani, mpole, mwenye medali ya Bikira Maria shingoni. Kiswahili alikijifunza shule ya misheni, tena alikisema polepole kana kwamba kila neno atalirudisha kwa mwenyewe.

Prichadi alitufundisha vizuri, sitamnyima haki yake. Tuliruka kutoka kwenye lori la baba likiwa linatembea, miguu pamoja, magoti laini, kidevu kifuani, mpaka mapaja yakavimba. Tulikunja miamvuli juu ya turubai, na aliyetania wakati wa kukunja alifukuzwa siku nzima. Kilichotusumbua zaidi ni kamba. Mwavuli ulifunguliwa na kamba iliyotoka mgongoni mwako, yenye kulabu ya chuma mwishoni, na kulabu hiyo ilifungwa kwenye waya uliopita juu ndani ya ndege. Ukiruka, kamba inakaza na kuuvuta mwavuli utoke. Usipofunga, unaanguka na mzigo wa kitambaa mgongoni. Mwavuli wa akiba hatukuwa nao.

"Kulabu yake mtu haioni mwenyewe," alituambia. "Iko nyuma. Kwa hiyo mimi nafunga, na mimi nauliza. Asiyenijibu haruki."

Alisema pia kwamba mtu akibadili nia mlangoni arudi akae, na asichekwe, kwa sababu hakumtaka mtu anayeruka kwa kuogopa kuchekwa. Hilo sisi tulilisikia kwa sikio moja. Uwanjani kila aliyesita juu ya lori aliitwa mzigo, na wa kwanza kuwaita wenzake hivyo nilikuwa mimi.

Kiswahili cha Prichadi kilikuwa safi, alikipata vitabuni, lakini kilikuwa na tabia moja. Alipenda kuuliza kwa kukanusha. Siku moja aliingia dukani kwetu akamuuliza baba, "Hamna chumvi leo?" Baba akamjibu, "Ndiyo, bwana." Ndiyo, hamna. Prichadi akashukuru, akaegemea meza, akasubiri chumvi. Baba naye akasubiri aondoke. Walitazamana hivyo mpaka nikatoka nyuma nikamwambia bwana kwamba chumvi imekwisha, na yeye akashika kofia yake akaondoka amenuna, akidhani wamemchezea.

Niliwasimulia wenzangu tukiwa tunavua mabuti. Walicheka mpaka machozi.

"Sasa wewe ungemjibuje?" Kornel akauliza.

"Hapana. Yule unamjibu kinyume."

"Lakini chumvi si haikuwepo?"

"Ndiyo, haikuwepo."

Wakacheka tena, Kornel pia. Ilibaki kichekesho tu, kama vichekesho vingine vya bwana.

Siku ya kuruka kwa mara ya kwanza ilikuwa ya kipupwe, baridi kali ya Ufipa, upepo ukilaza nyasi upande mmoja. Watu walitoka Majengo, wakatoka Kizwite, wakajipanga pembeni mwa uwanja wamejifunika mablanketi. Mama Josefina, mama yake Kornel, alikuja kwa miguu kutoka kijijini. Nilimpa shikamoo. Akaipokea, halafu akanishika mkono bila kuuachia.

"Mwanangu, na wewe utakuwa humo ndani?"

"Nitakuwa naye, mama."

"Sina mwingine," akasema. "Nimezika watatu. Huyu ndiye aliyebaki."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Ni neno rahisi sana hilo, ukiwa umesimama ardhini.

Tulipanda sisi wawili, Prichadi, na rubani aliyekaa mbele. Mlango wa ndege ulikuwa umeng'olewa, na upepo ulioingia ulikata masikio. Prichadi alikuwa amejifunga mkanda mnene kiunoni, umeshikizwa kwenye sakafu, ili aweze kuinama nje bila kuanguka. Kornel angetangulia, mimi nifuate. Nilikuwa na hofu, nikamshukuru Mungu kwamba kelele za injini zilinizuia kutania, maana sauti ingenisaliti.

Mzunguko wa kwanza, Prichadi alimfunga Kornel kulabu yake kwenye waya, akaivuta kuijaribu, akamsimamisha mlangoni. Kule chini walikuwa wamewasha moto wa majani mabichi ili tuone upepo unakokwenda. Ghafla moshi ukageuka. Ulikuwa ukielekea uwanjani, sasa ukawa unaelekea kwenye mawe ya kilimani. Prichadi akamshika Kornel kifua, akamrudisha nyuma. Kamba haikufika pale pa kukaa, hivyo akaifungua kulabu ili Kornel akae vizuri. Alifanya sawa kabisa. Kisha rubani akamwita, wakawa wanapigiana kelele kwa Kiingereza juu ya upepo, na ndege ikazunguka tena.

Kornel alikaa mbele yangu, midomo ikitembea. Alikuwa anasali. Nilitamani na mimi nikumbuke dua hata moja.

Prichadi alirudi mbio. Moshi ulikuwa umenyooka na hakutaka kuukosa. Akamwashiria Kornel, Kornel akasimama, akashika fremu za mlango kwa mikono miwili kama tulivyofundishwa, macho mbele, kwa kuwa kugeuka nyuma mlangoni kulikatazwa. Prichadi alikuwa ameshatoa kichwa nje, anautazama moshi. Akauliza bila kugeuka.

"Kornel, hujafunga?"

"Ndiyo, bwana."

Alijibu kama anavyojibu mtu yeyote wa kwetu. Ndiyo, ni kama ulivyosema, sijafunga. Akabaki amesimama, anangoja afungwe. Prichadi alisikia kingine kabisa. Akanyoosha mkono akampiga begani, na pigo la bega maana yake ilikuwa moja tu, nenda. Kornel, asiyeona nyuma, akadhani ameshafungwa.

Mimi nilikuwa nimeanza kusimama. Nikatazama chini nisije nikakanyaga kamba, na pale karibu na buti langu nikaiona kulabu. Kulabu ya Kornel. Imelala sakafuni.

Sikumbuki kuruka kutoka nilipokuwa. Nakumbuka vidole vyangu vimeingia kwenye mikanda ya mgongoni mwake, na yeye tayari ameinamisha mwili kwenda nje.

"Hajafunga!" nikapiga kelele. "Hajafunga!"

Prichadi akageuka, akaniona nimemng'ang'ania mwenzangu mlangoni. Hilo alikuwa ametuonya kuliko jambo lolote. Mgeni akishikwa na hofu hushika cha karibu, alituambia, na anaweza kuwaua wote. Hakunipa muda. Akanipiga ngumi kwenye kifundo cha mkono.

"Achia!"

"Hajafunga, bwana!"

Akapiga tena. Mkono ukafa ganzi, lakini vidole vilikuwa vimenasa kwenye mkanda, navyo havikutoka. Kornel alikuwa amenisikia. Mikono yake ilikaza kwenye fremu, mgongo ukawa mgumu kama ubao. Nusu ya buti lake ilikuwa nje. Chini yake niliona moto, mdogo, na watu wamejipanga pembeni.

Ngumi ya Prichadi ikasimama hewani. Neno lilikuwa limemfikia. Akasogeza sikio karibu na mdomo wangu, akauliza kwa nguvu zake zote ili ashinde injini.

"Hajafunga?"

Hapo ndipo nilipoiona chumvi ya baba. Nikisema ndiyo, huyu atasikia kwamba amefunga, atanivunja mkono, na Kornel atakwenda. Kichwa changu hakijawahi kufanya kazi haraka vile, wala hakijarudia. Nilijiona mwerevu kupindukia.

"Hapana!" nikapiga kelele. "Hapana, bwana! Hapana!"

Macho ya Prichadi yakashuka kwenye kamba. Yakafuata kamba mpaka kwenye kulabu. Uso wake ukabadilika rangi, nikajua ameelewa, na moyo wangu ukatua.

Na papo hapo Kornel akaachia mikono yote miwili, akatoka.

Uzito wake ulinitupa kifua kwenye fremu. Nilikuwa nimeshika mkanda kwa mkono mmoja ule ule uliopigwa, kichwa changu kiko nje, upepo unanifumba macho, na mimi mwenyewe sikuwa nimefungwa popote. Nikaanza kuteleza. Prichadi akanilalia miguuni. Nikasikia mkanda wake wa kiunoni ukikaza na kulia. Kornel alining'inia akigongwagongwa kwenye ubavu wa ndege, na hakupiga hata ukelele. Rubani akaiinamisha ndege upande wa pili, taratibu, Prichadi akapitisha mkono juu ya bega langu akashika mkanda mwingine, na tukamvuta. Aliingia kwanza kichwa, kisha kifua, kisha tukaanguka wote sakafuni, mmoja juu ya mwingine.

Rubani akatushusha uwanjani.

Watu walikuja mbio wakicheka. Walikuwa wameona mtu akining'inia na kurudishwa, wakadhani Kornel amekataa kuruka. "Mizigo! Mizigo imerudi!" Niliwatukana. Niliwatukana wakubwa kwa wadogo, na Mama Josefina yupo anasikia, mpaka wakanyamaza na kurudi nyuma.

Prichadi alikaa kwenye ngazi ya ndege, mikono imeshika kichwa. Alipoinua uso alimtazama Kornel, si mimi.

"Nilikuuliza. Ulisema ndiyo."

"Ndiyo, bwana," Kornel akasema. "Nilisema."

Prichadi akaendelea kumtazama, kama baba alivyotazamwa siku ile dukani. Nikashindwa kuvumilia.

"Bwana, usiulize tena hivyo. Hujafunga, hamna, huna, acha kabisa. Ukimuuliza mtu wa hapa hujafunga, akasema ndiyo, amekuambia hajafunga. Na kulabu uitazame. Kulabu haijui Kiswahili wala Kiingereza."

Karani aliyekuwa karibu alishtuka kusikia bwana anasemeshwa hivyo. Prichadi hakukasirika. Alibaki akirudia polepole, kwa sauti ya chini, lile swali na lile jibu, mara kadhaa. Nilimwonea huruma, jambo ambalo sikulitarajia.

Kornel alikuwa amekwenda kukaa kwenye nyasi, mbali kidogo, mwavuli wake ambao haukufunguka uko miguuni. Mama yake alikuwa amemwekea mkono kichwani, akisema naye Kifipa. Ule mkono wangu uliovimba ukaanza kuuma kwelikweli, na maumivu yakaniamshia hasira. Nikamwendea.

"We Kornel. Ulinisikia nikisema hujafunga?"

"Nilikusikia."

"Ukanisikia nimekushika?"

"Nilikusikia. Ndiyo maana nikakaza mikono."

"Sasa kwa nini uliachia? Kidogo tufe wote wawili, bwana wee, kwa nini uliachia?"

Alinitazama kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo mwulizaji analijua.

"Bwana alikuuliza, hajafunga? Ukasema hapana. Ukasema mara tatu. Nikajua umeangalia vizuri, umeona nimefungwa."

Mama Josefina aliinua macho akanitazama.

"Nilikuwa namjibu yeye," nikasema.

"Yeye huwa simwelewi vizuri," Kornel akasema, na hakusema kwa lawama. "Mimi nilikuwa nakusikiliza wewe."