Nishani za Upande wa Kulia

Mume wangu aliwahi kuongoza maelfu ya askari vitani, lakini simu ya mkononi ilimshinda. Nalisema hili mapema, mtu asije akamlaumu mchonga sanamu.

Jeshi lilipoamua kumsimamishia sanamu ya shaba mbele ya kambi, mchongaji aliomba picha moja nzuri. Binti yetu akajitolea kumpiga.

"Jenerali hapigwi," akajibu mwenyewe. "Anajipiga."

Akavaa magwanda, akapachika nishani zote mpaka kifua kikawa kinalia kama kabati la vyombo. Akanyoosha mkono, akakaza jicho, akabonyeza. Kumbe kamera ile ya mbele hugeuza picha, cha kushoto kikaja kulia. Na nani angemwambia? Ushauri yeye huuita uasi.

Siku moja kabla ya sherehe tukaitwa karakana kuitazama sanamu. Kitambi kilikuwa kimepunguzwa, nami nikamshukuru Mungu kimoyomoyo. Mchongaji alisimama pembeni akisokota kitambaa. Ilikuwa kazi yake kubwa ya kwanza. Jenerali akiikataa, nani angempa nyingine?

Jenerali akaizunguka kama anakagua gwaride. Ghafla akasimama.

"Nishani ziko kulia!"

"Nimefuata picha, mzee," mchongaji akasema.

"Kijana, nishani zako unazivaa kushoto. Kulia unavaa za marehemu wako. Wajane ndio huvaa kulia. Umenifanya mjane!"

Nilicheka, Mungu anisamehe, nikacheka mpaka nikashika ukuta. Kisha nikamtolea simu mfukoni, nikamwonyesha picha aliyojipiga. Akaitazama, akajigusa kifua upande wa kushoto, akaitazama tena. Nikajua sasa ataamuru sanamu iyeyushwe. Tangu tuoane hajawahi kukosea. Mkosaji wa nyumba ni mimi.

Lakini aliisogelea sanamu. Akaigusa ile nishani kubwa kuliko zote.

"Hii nilipewa kwa kulishika daraja, adui asivuke," akasema. "Mimi nilikuwa nyuma, kwenye redio. Waliolishika hawakurudi."

Kidole kikahamia ya pili, kikaenda ya tatu. Kila moja akaitajia majina ya vijana, taratibu, bila kubabaika. Miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kuyasikia hata moja. Kicheko kikaniisha. Niliona aibu, nikampenda upya, mzee wangu yule mbishi.

Mchongaji akakohoa. "Mzee, usiku huu naweza kujaribu kuzing'oa nizihamishie kushoto."

"Thubutu! Nitakuweka ndani, na hao wakubwa wa jeshi waliokutuma waje wakutoe. Kazi yako nimeipokea."

Asubuhi ya sherehe alitoka chumbani akiwa amevaa tayari, nishani zote upande wa kulia. Binti yetu akafungua mdomo, nikamkanyaga mguu. Nikamsogelea mume wangu, nikamnyoosha kola, nishani sikuzigusa.