Mazishi ya Donya Severa

Mkanda ulilia. Kilikuwa kilio chembamba cha kuparuza, kama ukucha juu ya bati, na nyuma ya kilio hicho mwanamke alikuwa anakata roho huku akimtukana mkwewe. Akamtukana mara ya mwisho, akavuta pumzi, akanyamaza. Hapo ndipo Jovit, fundi wa kituo cha redio, alipofumbua macho na kuizima mashine.

Unga wa kahawia ulikuwa umetapakaa kwenye kichwa cha mashine ya kanda. Aliujua unga huo. Ndio sauti yenyewe, ikibanduka. Mkanda uliokaa miaka thelathini na mitano katika unyevu wa mji wa Iloilo, nchini Ufilipino, huchezwa mara moja tu. Ukishapita umepita, na kinachobaki mkononi ni utepe mtupu.

Huu ulikuwa mkanda wa kumi na nne, wa mwisho. Kumi na tatu ilikwisha kupita na kufa hivyo hivyo, na kila neno lililokuwamo sasa lilikaa kwenye diski moja ndani ya kompyuta ya kituo cha redio. Ilikuwa mikanda ya mchezo wa redio uliokuwa ukifunga maduka ya mji mzima adhuhuri, watu wakiinamia redio kumsikiliza mjane mwovu, Donya Severa. Aliyeigiza sauti hiyo miaka ishirini na miwili ni Nang Vacion, yaani Dada Vacion, wa mtaa wa Molo. Hata alipokwenda sokoni kununua samaki, wauza samaki walimwambia wazi kuwa atakufa vibaya kwa alivyomtesa yule binti yatima wa mchezoni, naye alirudi nyumbani anacheka, kikapu kimejaa, maana waliomlaani ndio waliomwongezea samaki.

Mwezi wa pili mwaka huu daktari aliukata uvimbe kooni mwake, akaondoka na sauti. Sasa Nang Vacion huandika kwa chaki kwenye ubao mdogo anaouning'iniza shingoni. Hilo lingetosha kama mumewe angekuwa na macho. Lakini mumewe, Nong Ireneo, yaani Kaka Ireneo, ambaye enzi za mchezo ndiye aliyetengeneza milio yote, milango, farasi, mvua, ana mwaka wa tisa haoni hata mwanga. Mke hana sauti, mume hana macho. Walikuwa wameketi katika nyumba moja kama watu waliotenganishwa na ukuta. Ndipo mzee alipoongozwa na jirani hadi kituoni, akamshika Jovit mkono na kumwomba jambo moja: amrudishie sauti ya mkewe, aisikilize jioni jioni. Jovit alikubali kabla mzee hajamaliza sentensi.

Kazi haikuwa nyepesi. Kadi ya sauti ya kituo, ile ya kupokea kutoka mashine ya kanda, ilikuwa ya zamani sana. Aliyeiunda alikwisha kufunga kiwanda, na kompyuta mpya haikujua lugha yake. Kwa hiyo ndani ya kompyuta mpya Jovit aliunda kompyuta nyingine isiyo na mwili, mashine pepe, akaipa mfumo wa zamani unaoijua kadi ile. Kisha akaichukua kadi kutoka kwa mwenyeji, yaani ile kompyuta mpya, akamkabidhi mgeni, yaani ile mashine pepe, moja kwa moja. Mafundi wa kazi hii wanajua maana yake: ulichomkabidhi mgeni, mwenyeji hakioni tena, hakigusi, hakilindi. Mgeni anakitawala kama chake.

Yeye alijivunia kazi hiyo. Bosi Cleofe, meneja wa kituo, alipomuuliza mbona hajatoa nakala ya pili, alimjibu kuwa diski ya pili inatoka Manila Jumamosi, na kwamba yeye si mwanafunzi. Bosi akamwambia, "Haya, profesa." Wakacheka wote wawili.

Siku hiyo ya mkanda wa mwisho, Jovit alisikia mvumo chini ya kilio. Akaona kadi imekaa karibu mno na feni. Akazima kompyuta, akaichomoa kadi, akaihamishia tundu la chini. Alipowasha, mashine pepe ilikataa kuamka. Ilimwandikia kuwa katika tundu lile kadi imo kundi moja na kifaa kingine, na vya kundi moja havitenganishwi: ama umkabidhi mgeni vyote, ama usimkabidhi hata kimoja.

Kifaa cha pili kilikuwa kile kinachoshika diski za pembeni. Jovit alikijua. Hakina diski, alijiambia. Alisahau kwamba Jumatatu, alipofunga feni mpya, mkono wake mwenyewe uliihamishia pale waya ya diski ya kumbukumbu, ile yenye mikanda yote. Fundi mwoga angerudisha kadi mahali pake, dakika tano tu. Jovit alikabidhi kundi zima.

Mgeni akaamka vizuri. Akaona diski kubwa asiyoifahamu, maana ilikuwa imefungwa kwa ufunguo wa siri kama ilivyo kanuni ya kituo, na kwa macho ya mfumo wa zamani kitu kilichofungwa na kitu kitupu ni kimoja. Akauliza kwa adabu: diski hii mpya haijaandaliwa, niiandae? Asubuhi hiyo Jovit alikuwa ameitengenezea mashine pepe diski ndogo ya kazi. Akadhani inaulizwa hiyo. Hakusoma ukubwa wake. Akabofya ndiyo, akabofya ndiyo tena, akaenda ng'ambo ya barabara kunywa bakuli la supu ya batchoy. Tambi zilikuwa moto na alizila taratibu, kama mtu aliyemaliza kazi.

Aliporudi alirekodi nusu ya mkanda iliyobaki kwenye ile diski ndogo ya kazi. Kisha akataka kuihifadhi pamoja na wenzake, na mwenyeji akamwambia hana diski.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Jovit alikaa sakafuni kati ya nyaya, akaisema methali hiyo kwa lugha ya kwao. Alijaribu kila alichokijua usiku na mchana kwa siku tatu. Akaipeleka diski kisiwa cha Cebu kwa meli, kwa mafundi wa kufufua data, nao walimpigia simu wakiwa wapole, jambo lililomtisha kuliko ukali. Ufunguo wa diski ulikuwa umeandikwa mwanzoni mwa diski ile ile, na hapo hapo ndipo mgeni alipoandika jina lake. Yaliyobaki yote yalikuwamo, mazima, na hakuna atakayeyafungua mpaka dunia iishe.

Ilisalia ile nusu ya mkanda tu. Jovit aliisikiliza mara moja. Donya Severa alikwisha kufa kabla yake. Nusu nzima ilikuwa mazishi. Watu wanakohoa, padri anasoma, jeneza linashuka kwa kamba, udongo unamwagika. Sauti yake haimo hata kwa pumzi.

Akaenda Molo.

Nong Ireneo alikuwa amekaa barazani, nywele zimechanwa kwa maji, redio ndogo mapajani, maana aliambiwa sauti ya mkewe itafika wiki hii. Nang Vacion alimtazama Jovit anavyopanda ngazi. Mwigizaji husoma nyuso. Chaki ikakwaruza: *Zimepotea?* Jovit akaitikia kwa kichwa. Chaki ikakwaruza tena, haraka: *Usimwambie. Sema bado.*

"Nani huyo?" aliuliza mzee. "Toto Jovit? Unakanyaga kama mtu aliyebeba gunia."

Jovit aliutazama ule ubao. Angeweza kusema bado. Angeweza kusema bado mwaka mzima, na mzee angechana nywele kwa maji kila asubuhi.

"Nong, zimepotea zote," alisema. "Hakuna mwizi wala hitilafu ya umeme. Ni mimi. Niliona haya kufanya kazi kama mwoga."

Nang Vacion aligeukia ukuta. Mzee aliuliza ilikuwaje, na Jovit akamweleza yote, kadi, kundi, mgeni, ndiyo mbili. Mzee akauliza kama kimesalia chochote.

"Mazishi."

"Mazishi ya Severa." Nong Ireneo alitabasamu vibaya. "Unajua ule udongo ni nini? Kilo mbili za choroko, nilizimwaga juu ya sanduku la viatu. Vacion alikuwa kando yangu, anajiziba mdomo asicheke. Nilimzika mke wangu naye akiwa anacheka." Akaipapasa redio. "Kumbe nilimzika kweli."

Chaki ilianza kukwaruza, ikakwaruza sana, unga ukimdondokea Nang Vacion kifuani.

"Hiyo ndiyo ninayoisikia tangu mwezi wa pili," mzee alisema. "Kwaru, kwaru. Anaandika, na mimi nakaa kama jiwe. Jirani akija hunisomea, lakini ni mtu wa kanisani, anaruka matusi. Sasa Vacion bila matusi ni nani? Kaandika nini hapo?"

Jovit aliusogelea ubao. Akasoma kama ilivyoandikwa: "Anasema: wewe mzee bwege, mimi sijafa, na huyu kijana ni punda mwenye kiburi, na wote wawili mnanitia njaa."

Mzee alinyoosha mkono hewani hadi mkewe alipoushika.

"Maneno ni yake," alisema. "Lakini sauti si yake, Toto."

"Najua, Nong. Haitakuwa yake kamwe, na ni mimi niliyeipoteza." Jovit alipiga magoti mbele ya kiti. "Ila nitakuja kila siku nikitoka kazini, iwe mvua, iwe kimbunga, na nitakusomea kila neno alilokuandikia tangu asubuhi. Sitaruka tusi hata moja, hata likiwa langu."