Jiko Chumbani

Mwanasha hakuwahi kumiliki sweta mpaka alipohamia Kinoo. Alizaliwa na kukulia Kibokoni, Mombasa, na hata alipoolewa hakuvuka mtaa. Huko aliyeonekana na nguo nzito aliulizwa kama ana homa.

Walihama mwezi wa sita. Mumewe, Jabir, alikuwa karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, na kampuni ilikuwa inahamishia kazi zake nyingi Nairobi. Aliambiwa achague: apandishwe cheo aende ofisi ya Hurlingham, au akae aone kama nafasi yake itabaki. Alitia sahihi siku ileile. Mwanasha aliambiwa jioni, akikanda unga wa mahamri. Hakubisha. Alimaliza kukanda, akaufunika unga, akatoka kwenda kwa mama yake.

Mshahara mpya ulionekana mkubwa ukiutazama kutoka Mombasa. Nairobi ukayeyuka. Nyumba za karibu na ofisi hazikushikika, wakasogea magharibi, wakasogea tena, mpaka wakafika Kinoo, ghorofa ya tatu, mahali ambapo wingu la Julai hukaa juu ya paa kutwa nzima. Nisreen, aliyekuwa ametoka tu kuingia darasa la kwanza, akaanza kukohoa. Abdulrauf, ambaye hata kutambaa hajajua vizuri, alilazwa na soksi mikononi.

Jabir alikuwa amesikia mengi kuhusu Nairobi, na alitoa amri moja: wasizoeane na watu wa jengo lile mpaka wawajue. Mlango wa chuma ukae na komeo. Jirani wa mlango wa pili, mama mmoja kutoka Bungoma aliyeitwa Namalwa, aliwahi kubisha na bakuli la mboga za kienyeji. Mwanasha alimshukuru kwenye upenyo wa mlango, akapokea, akafunga.

Jumamosi moja alasiri Jabir alikuwa bado ofisini, akimalizia hati za makontena na mwenzake Jacklyne, mkazi wa Waithaka. Akapiga simu nyumbani.

"Watoto wamelala," Mwanasha alisema. Sauti yake ilikuwa nzito. "Leo angalau wamepata joto. Gesi imeisha, nikanunua makaa. Nimepika kule roshani, kisha nikalileta jiko chumbani."

"Na wewe?"

"Kichwa chaniuma. Nami nitajinyoosha kidogo."

"Haya, pumzika. Sitachelewa."

Jacklyne alimuuliza watu wa nyumbani hawajambo, naye akamweleza, karibu kwa kujivuna, jinsi mkewe alivyoipatia dawa baridi ya Kinoo.

Jacklyne aliacha kuandika. "Ameingiza jiko ya makaa ndani? Na madirisha imefungwa?"

"Kwa baridi hii lazima yamefungwa."

"Mpigie. Mwambie atoe hiyo jiko saa hii na afungue dirisha. Hiyo hewa ya makaa inaua watu, Jabir. Haina harufu, unalala tu."

"Sisi kwetu tumepikia makaa ndani maisha yetu yote."

"Kwenu hamfungi dirisha. Piga."

Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Mara ya tatu alikuwa tayari amesimama. Kichwa chaniuma, alikuwa amesema, na yeye akamwambia apumzike.

Akampigia Mbaluka, msimamizi wa jengo. Simu ilikuwa imezimwa.

"Jirani yeyote?" Jacklyne akauliza. "Mtu wa kugonga mlango tu."

Jabir alifungua orodha ya majina kwenye simu akaipitia kutoka juu hadi chini. Watu wa Mombasa walijaa humo: wajomba, wauza samaki, hata fundi wa baiskeli wa utotoni. Wa Kinoo, mbali na Mbaluka, hakuwako hata mmoja.

"Mkate unanunua wapi?" Jacklyne akasema. "Unalipa na nini?"

Ndipo alipokumbuka. Akafungua ujumbe wa M-Pesa, akatafuta malipo ya asubuhi: mkate na maziwa, kwenye duka la chini ya jengo. Jina lilikuwa Ngui. Namba ilikuwepo.

"Niaje, duka hapa," sauti ikaitika.

"Mimi ni baba Nisreen, wa ghorofa ya tatu. Nakuomba, panda juu ugonge mlango wetu. Wamelala na jiko la makaa ndani."

Ngui hakuuliza swali. Jabir alisikia akimwambia mteja ashike duka, kisha akasikia viatu vikipanda ngazi na pumzi ikipanda navyo. Kisha mlango ukagongwa, chuma kikilia ndani ya sikio lake.

"Hawafungui, bosi. Imefungwa kwa ndani."

"Vunja."

"Hii ni chuma. Siwezi."

Sauti ya mwanamke ikaingia, ikiuliza kuna nini. Alikuwa Namalwa. Ngui akamweleza kwa maneno machache. Jabir alisikia mama yule akisema roshani zao zimepakana, ukuta wa katikati ni mfupi, na nyayo zikakimbia. Kukawa kimya. Halafu kioo kikavunjika, mara moja, mara mbili, na mtu akaita jina la Yesu. Simu ikakatika. Salio la Jabir lilikuwa limeisha.

Jacklyne alikuwa ameshatoka nje kumsimamishia bodaboda. Jabir alipanda bila kofia. Mvua nyembamba ilimchoma usoni njia nzima ya Waiyaki Way, na simu aliishika mkononi, kifuani, akiogopa iite na akiogopa isiite. Alijaribu kusoma dua, akajikuta anarudia neno moja tu asilolimaliza.

Iliita walipokuwa wanakaribia Kangemi. Dereva alisogea kando bila kuambiwa.

"Watoto wako nje, wanapumua," Ngui alisema. "Huyu mdogo ametapika, analia. Mkubwa ameamka, lakini miguu haina nguvu."

"Na mama yao?"

"Anapumua, lakini haamki. Mama Namalwa amepata gari, wanawapeleka wote hosi ya hapa karibu. Wewe kuja tu."

Hospitalini alimkuta Namalwa kwenye benchi, Abdulrauf amelala kifuani mwake ndani ya leso. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji, damu ikijitokeza kwa juu. Nisreen alikuwa ameegemea ubavu wake, ana mpira wa oksijeni puani, anamtazama baba yake kama mtu asiye na hakika anamfahamu.

"Wako sawa," Namalwa alisema. "Mama yao, madaktari wako naye huko ndani. Keti, baba. Utaanguka."

Jabir alikaa. Badala ya kushukuru alimshika ule mkono uliofungwa, kisha akauachilia kwa aibu. Walikaa hivyo hadi muuguzi alipotoka kusema mgonjwa amefungua macho.

Mwanasha alikaa wodini siku kadhaa. Kichwa kilipotulia, Jabir aliinama karibu yake. "Tutarudi Mombasa," alisema. "Nimeshaamua. Jumatatu nitaongea na mkubwa wangu."

Mwanasha alimgeukia. "Umeshaamua," alisema. "Kuja uliamua wewe. Nisijuane na mtu uliamua wewe. Nilikuwa nakufa nyuma ya komeo lako, Jabir, na sasa ushaamua tena."

Jabir alivuta kiti, akaketi.

"Niulize," akasema Mwanasha.

"Wataka tufanye nini?"

"Sijui bado. Lakini niulize."

Alipotoka hospitalini, Mwanasha alikwenda na watoto kwa mama yake Mombasa, baridi ikiwa bado kali. Jabir alibaki, na mkubwa wake alipomwambia kuna nafasi ndogo bandarini, chini ya ile aliyoiacha, hakukubali wala kukataa. Alimpigia mkewe. Mwanasha alifikiri siku nzima ndipo akarudisha simu. Moyo wake haukutaka Nairobi, alisema, lakini mume aliyerudi nyuma kazini kwa sababu yake hakumtaka hata kidogo. Watakuja, ila nyumba ataitafuta yeye mwenyewe.

Mwezi wa tisa Mwanasha alikuja peke yake kwanza. Walizunguka Waithaka na Jacklyne, wakaingia nyumba moja hadi nyingine, naye Mwanasha akizungumza na kila mama aliyemkuta akianika nguo: maji huja lini, usiku kukoje, mtoto akiugua mwaenda wapi. Jabir alifuata nyuma na mkoba wake. Nyumba aliyoichagua Mwanasha hatimaye ilikuwa ndogo kuliko ya Kinoo na rangi ilikuwa imebambuka. Jabir aliitazama, akaona makosa matatu manne, akayameza.

"Mnaonaje?" wakala wa nyumba akamuuliza Jabir.

Mwanasha ndiye aliyejibu. "Twaichukua. Lakini hilo bomba la jikoni litengenezwe kwanza."