Tabaka la Pembeni

Siku alipopandishwa cheo kuwa msimamizi wa mfumo wa michoro, Sentimita alipewa kiti kisicholia na neno la siri la seva. Kiti alikizoea siku ileile. Lile neno la siri ndilo lililompanda kichwani.

Kazi yenyewe, kwa asiyeijua, ni kuwa karani na askari kwa mpigo. Kampuni ilisanifu mabomba ya viwandani, ya maji, ya mvuke na ya majitaka, na wachoraji saba walikaa ghorofa ya pili mbele ya kompyuta zao tangu asubuhi. Msimamizi ndiye anayeamua faili liitwe nani na likae wapi, nani aliguse na nani alitazame kwa macho tu. Wiki ya pili wenzake walikwisha kumbatiza jina jingine. Akipita walinong'onezana, "Serikali hiyo," naye alijifanya hasikii. Moyoni alipenda.

Aliyemfikisha pale ni mzee mmoja waliyemwita Mzee Futi, kwa kuwa alianza kazi enzi za futi na inchi na hakuwahi kuziacha kabisa. Alimpokea msichana hajui hata kushika kipanya, akamfundisha miaka sita. Jina la Sentimita ni yeye aliyempa, kumtania kwa jinsi alivyogombana naye juu ya vipimo. Na alipostaafu, mwezi mmoja kabla ya uteuzi, alimwambia Mhandisi Mkuu maneno machache tu: "Hicho cheo mpeni Sentimita. Ana wivu na mistari yake."

Mchoro wa kompyuta hukaa kwa matabaka, kama karatasi za nailoni zilizopandana: kuta kwenye moja, mabomba kwenye nyingine, maandishi kwenye nyingine. Mzee Futi alikuwa na tabaka lake mwenyewe katika kila mchoro. Aliliita Pembeni, na alilitega lisitoke kwenye karatasi wakati wa kuchapa. Akirudi kutoka kiwandani, magoti yamejaa vumbi na grisi, alifungua Pembeni na kuandika aliyoyakuta. Sentimita alimwona mara mia akifanya hivyo. Hakuwahi kumuuliza anaandika nini.

Mhandisi Mkuu alimpa msimamizi mpya kazi ya kwanza: michoro yote ya zamani isafishwe ifuate kanuni mpya, matabaka kumi na tisa, si ishirini. Pembeni haikuwamo katika orodha. Kabla ya kuifuta, Sentimita alifungua moja, ya kiwanda cha sabuni, aone.

*Mhandisi anasema ukuta huu umenyooka. Mhandisi hajauona.* Alicheka peke yake. *Valvu hii haifunguki bila matusi.* Akacheka tena. Kisha la tatu: *Hapa kachora Sentimita. Pimeni upya.*

Kicheko kikamkauka. Aliikumbuka siku ya kuchora mstari ule. Mzee alisimama nyuma ya kiti chake, akasema, "Vizuri, mwanangu." Kumbe akageuka akaandika hayo, mahali ambapo yeyote kati ya wale saba angeweza kufungua. Pengine walikwisha fungua. Pengine ile "serikali" yao ilikuwa na mzaha mwingine ndani yake.

Angeweza kuifuta sentensi ile moja akaendelea na maisha. Angeweza, jamani, kusoma hata mstari mmoja zaidi. Lakini kiburi kikishavaa miwani hakisomi. Aliandika amri fupi ya kuipitisha kompyuta katika michoro mia nne na kumi na mbili, ifute kila tabaka lisilo kwenye orodha. Kazi ile ilichukua muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Nakala za akiba zilikaa siku tisini tu, kisha zikajifuta zenyewe. Hiyo nayo ilikuwa kanuni yake yeye, na alisifiwa kwayo kikaoni.

Majuto ni mjukuu, wanasema. Haya yalikuja baada ya miezi mitano.

Kiwanda cha sabuni kilitaka boila jipya, na msingi wake ungechimbwa palipofukiwa bomba la zamani la mvuke. Bomba lile bado lilifanya kazi. Jembe likiligusa, mtu anababuka.

Mhandisi Mkuu aliegemea meza ya Sentimita. "Mzee Futi alilipima hilo bomba lilipokuwa wazi, kabla halijamwagiwa zege. Siku ya kuaga aliniambia kila kitu kimo ndani ya mchoro, nikikwama nikuulize wewe."

Sentimita alifungua mchoro. Ulikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Bomba lilionekana limenyooka kutoka ukuta hadi ukuta, kama lilivyokusudiwa na mtu asiyewahi kufika pale.

"Faili lina hitilafu," alisema.

"Basi nenda kwa mwenyewe ukamuulize."

Alikwenda Jumamosi asubuhi. Njia nzima alikuwa na maneno yake mdomoni: Mwalimu, nilifuta mimi, kwa hasira, sikusoma yote. Maneno saba, si mengi. Mzee alimfungulia mlango mwenyewe, amevaa shati lilelile la ofisini, akampigia mkewe kelele ya furaha alete chai, msimamizi mzima amekuja.

"Haya niambie," alisema walipokaa. "Pembeni unaiendeleza?"

Mzee hakungoja jibu.

"Nilikuachia wewe, unajua. Mwingine angeona porojo. Utani niliuweka juu makusudi, mhandisi akifungua acheke, afunge, aende zake. Mambo yenyewe yako chini. Na kila mchoraji nilimgusa, wasije wakasema nina upendeleo. Uliona nilivyojiandika mimi mwenyewe baada yako? *Hapa kachora Mzee Futi. Pimeni mara mbili.*" Akacheka hadi akakohoa.

Ndipo alipopaswa kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa, kilichobaki ni kuingia.

"Mwalimu, Pembeni imepotea."

"Imepotea vipi?"

"Kompyuta," alisema Sentimita.

Mzee alimtazama kidogo. Akamwamini. Miaka sita alikuwa akimwamini, asingeanza kumshuku leo juu ya kikombe cha chai. "Mashine hizi," alisema, akitikisa kichwa kwa huzuni. "Poleni sana. Mnatafuta lipi?"

"Bomba la mvuke, la kiwanda cha sabuni."

"Ah, lile. Lile nalijua." Akachukua daftari la mjukuu wake la shule, akageuza ukurasa mtupu, akachora ukuta, akachora mlango, mkono hautetemeki. Akaanza bomba. Lilitoka ukutani, likaenda futi kumi na mbili. Hapo mkono ukasimama.

"Linapinda hapa," alisema. "Linakwepa jiwe."

Sentimita aliinama aone ni upande gani.

"Linapinda..." Alifumba macho. Aligeuza daftari juu chini, akaligeuza tena. Alichora kulia, akakata. Alichora kushoto, akakata. Mkewe alileta chai, akaona uso wa mumewe, akairudisha sinia taratibu bila kuuliza.

"Nilikuwa nimelala pale chini, tumbo kwenye udongo," alisema mzee, sauti imeshuka. "Joto lake nalikumbuka. Jiwe nalikumbuka. Upande..." Aliweka kalamu chini. "Ujue niliandika ili nipate ruhusa ya kusahau. Nikishaandika, nilikuwa naacha. Kichwa cha mtu mzima hakibebi vyote."

Macho yake yalikuwa yamejaa maji. Sentimita hakuwahi kumwona hivyo, hata siku ya kuaga kazini. Yale maneno saba bado alikuwa nayo yote.

"Watu watachimba pale bila kujua, kwa sababu yangu," alisema mzee. Akaushika mkono wa Sentimita kwa mikono yote miwili. "Nisamehe, mwanangu. Ulinitegemea, nami nimekuangusha."

"Usijali, Mwalimu," alisema Sentimita. "Nimekusamehe."

Mzee akamshukuru.