Mh Fupi, Mh Ndefu

Mtoto wa kaka yangu ni fundi wa kujalidi vitabu, na watu wanamwita Gundi. Usidhani ni kwa sababu anashikamana na mtu. Watu kwake ni kama upele. Analala na kufanya kazi katika chumba hichohicho, na mteja anayempenda ni yule anayeacha kitabu mlangoni akaenda zake.

Kusema kwenyewe, anasema "mh" tu. Ukoo mzima unajua: mh fupi, ya puani, ni hapana, mh ndefu, ya kooni, ni ndiyo. Ana kwa ana huwezi kukosea. Kwenye simu, lo!

Basi kaka yangu, mwalimu mkuu kwa miaka thelathini, akastaafu. Akakosa wanafunzi, akamwandama mkewe. Kila mlo akawa anautolea alama. Siku alipoupa mchuzi kumi na moja kwa ishirini, akaandika na chini yake "ajitahidi", wifi yangu alifunga virago. Akampigia mwanawe.

"Mwanangu, nije kwako nipumzike kidogo?"

"Mh."

Kwa masikio ya mama aliyeshika begi, mh zote ni ndefu. Alifika na mabegi matatu na cherehani.

Kesho yake baba mtu naye akapiga. "Nije tuyamalize?"

"Mh."

Akaja na godoro. Hakuna kilichomalizwa. Wiki nzima walinuniana, wakapitishia maneno kwa kijana. "Mwambie baba yako ananikanyagia kitambaa." "Mwambie mama yako chai hii ni ya wastani." Maskini, asiye na maneno yake akabebeshwa ya watu wawili! Mwishowe akawa anajifungia chooni, anashonea vitabu vya wateja humo humo. Ndipo akaniandikia: "Shangazi, njoo uwatoe. Nakwisha."

Nilikwenda mbio, mimi na huruma yangu na umbea wangu. Nikawaketisha wote juu ya godoro.

"Haya, mwanangu. Wazazi wako waendelee kukaa hapa?"

"Mh." Fupi, ya puani. Hata kiziwi angeielewa.

"Si mmesikia? Amekubali," wifi akasema.

"Amekubali mimi nikae," kaka akadakia.

Nikakohoa kidogo. "Mimi ndiye ninayemjua. Amesema hivi: baba aombe radhi kwa ule mchuzi, mama asamehe, mrudi kwenu leo, na shangazi ashonewe gauni kwa usumbufu."

Gundi akaweka sindano chini.

"Sikusema hayo," akasema. "Nilisema hapana. Kwenye simu pia nilisema hapana, kwa mama na kwa baba. Nawapenda. Lakini nawapenda mkiwa kwenu."

Wifi akamgeukia mumewe, mara ya kwanza baada ya siku nane.

"Umesikia? Anatufukuza!"

"Miaka yote tunamwomba aseme, kumbe alikuwa anatuwekea haya!"

"Mimi sikai penye dharau."

"Nani anakaa? Lete hilo begi, mke wangu, usijiumize mgongo."

Walishuka ngazi wakimsengenya kwa sauti moja, raha tupu, kama wachumba.

Mimi nikavuta kiti, nikangoja chai na shukrani. Gundi akanishika mkono kwa heshima zote, akanisindikiza hadi nje, akainama kunipangia viatu vyangu. Kisha nikasikia ufunguo ukizunguka mara mbili.