Saa Mbili ya Kinshasa

Daraja la miti lilikuwa limeanguka tena. Iliasi, mwenye moto, ile pikipiki iliyowabeba, akazima mashini. "Bibi, shukeni. Hii tutaivusha kwa mabega."

Waridi alipandisha kitambaa juu ya magoti, akashika mkono wa mjukuu wake. Mounira alikuwa ametia karatasi yake ya kuingilia egzame ndani ya sashe ya plastiki, na sashe ameiuma kwa meno ili isiguse maji. Kijijini Lusangi walitoka kungali giza. Leo ndiyo egzame ya taifa, mtihani wa kumaliza darasa la sita. Akiikosa, ni kungoja mwaka mzima, na baba yake aliisha kusema: mwaka mwingine hakuna, kuna shamba.

"Tutafika," Iliasi akasema, maji yakimpita kiuno. "Hii moto inajua Kifaransa kupita inspekteri."

Walifika Kabambare saa mbili na dakika ishirini. Lango la sentre ya egzame lilikuwa limefungwa, na wamama waliosindikiza watoto walikuwa wamejaa nje. Salomon, shefu wa sentre, akaja na shati jeupe la pasi.

"Mutoto amechelewa. Barua ya wizara inasema saa mbili."

"Daraja imeanguka, shefu."

"Daraja haiandike egzame, mama. Hii ni ya inchi muzima. Kinshasa, Bukavu, Kabambare: maswali yaleyale, saa ileile. Nikimufungulia huyu, haiko tena ya taifa."

Waridi hakubishana. Alitoa kifuani redio yake ndogo, ile iliyofungwa na mpira. Kila asubuhi huenda nayo shambani, na kitu kimoja anakijua vizuri: redio ya Kinshasa ikisema ni saa kumi na mbili, yeye ameisha kulima saa nzima. Jua la huku linatangulia.

Akaongeza sauti. Mtangazaji alikuwa anasema: "Hapa Kinshasa ni saa moja na dakika ishirini na tano. Waziri yuko njiani. Saa mbili kamili atafungua bahasha ya kwanza ya egzame."

Wamama wakasogea karibu.

"Saa ileile, shefu?" Waridi akauliza.

Salomon akaangalia saa ya mkono wake, kisha redio.

"Bahasha ya Kinshasa ingali imefungwa," Waridi akasema. "Ya kwako iko wapi?"

"Mama, mambo ya masaa ni ya wakubwa."

"Kama ni saa ileile, huyu mutoto hakuchelewa. Ni wewe umemutangulia waziri."

Kicheko kikapasuka langoni. "Andika ile kwa raporo ya wakubwa, shefu," mama mmoja akasema.

Salomon akafungua mwenyewe. "Aingie. Lakini dakika simuongezee hata moja."

Mounira akakimbia. Kiatu kimoja kikabaki kwenye vumbi, hakugeuka. Waridi akakiokota, akaenda mpaka dirishani, pumzi juu juu. Mabenchi yalikuwa yamejaa. Mounira alikuwa amekaa chini kwenye simenti, karatasi juu ya magoti, kalamu yake ya bik inakimbia.

Saa tatu ya Kabambare, redio ikajaa makofi. Waziri akasema: sasa hivi watoto wote wa inchi wanaanza pamoja, kila mmoja ameketi sawa na mwenzake.

Waridi akaizima upesi. Mounira akisikia ile atacheka, na dakika zake hazikuwa nyingi.