Mselem Hakujeruhiwa

Saa nne asubuhi, jua likiwa wazi na bahari imetulia, Mselem alipotea kati ya Ndau na Mkokoni. Alikuwa na abiria tisa kwenye boti yake ya injini, na safari yenyewe aliifanya mara mbili kwa siku, mwaka wa sita huu. Walipofika mahali mikoko inapoachana, alizima injini akabaki akitazama mbele kama mtu aliyeingia nyumba ya wenyewe. Abiria walidhani petroli imekwisha. Mwalimu mmoja ndiye aliyeelewa, akamnyooshea kidole upande wa kwenda, taratibu, na Mselem akawasha tena.

Habari ilimfikia mkewe Radhiya kabla yeye mwenyewe hajarudi. Radhiya akawaambia watu kuwa mumewe aliamka na homa. Alikwisha kuzoea. Homa ndiyo iliyomfanya Mselem avae kanzu ya Ijumaa siku ya Jumanne na kwenda msikitini kungoja hotuba. Homa ndiyo iliyomfanya amsukume binti yao Hayat ukutani, kwa sababu sufuria ilianguka jikoni.

Mselem alikaa jeshini miaka kumi na minne, na minne kati ya hiyo aliimaliza ng'ambo ya mpaka, Somalia. Alikuwa katika kikosi cha mota, ile mizinga mifupi inayotumbukizwa kombora mdomoni. Alirudi mzima. Wengine walirudi na viungo pungufu, yeye hakuwa na hata mkwaruzo, na watu wa Ndau walimsifu kwa hilo mpaka akaona haya.

Wiki ileile alipigiwa simu. Daktari Quinter, mtafiti kutoka Nairobi, alikuwa akiwaita askari wastaafu waliowahi kupiga mizinga, pamoja na wake zao, wafike mji wa Mokowe. Mselem alikubali kwa kuwa kichwa kilimuuma kila siku na alitaka dawa. Wakiwa njiani alimsogelea mkewe.

"Watakuuliza habari zangu. Waambie sina neno. Wakiandika kuwa kitwa changu si kizima, boti sitaiendesha tena."

Radhiya akaitikia.

Quinter alimpa Mselem maneno matano ayashike, akamwambia achore saa, kisha akamuuliza amepiga makombora mangapi maishani. Mselem alicheka. Alisema vitani hayakuwa mengi. Mengi yalikuwa ya mazoezi, alipokuwa mkufunzi, kutwa nzima, wiki baada ya wiki. Hapo Quinter akaweka kalamu chini. Alimweleza kwamba watu wa namna yake ndio hasa anaowatafuta: si wale walioangukiwa na makombora ya adui, bali waliosimama kando ya makombora yao wenyewe. Kila moja likitoka, hewa hupiga, na ubongo hutikisika ndani ya fuvu. Mara moja si kitu. Mara elfu kumi, hakuna bado aliyejua kwa hakika.

Zamu ya Radhiya ilipofika aliingia peke yake. Je, mumewe anachukia mwanga? Anakasirishwa na sauti ndogo? Anasahau njia anayoijua? Anakaa muda mrefu bila kupepesa macho? Radhiya alihisi kana kwamba mwanamke huyu ameishi nyumbani kwao, nyuma ya pazia. Akajibu hapana, tena na tena, hadi karatasi ikaisha. Quinter hakumbishia. Alimshukuru tu.

Nje kwenye baraza alikuwako Khatib, mtu wa Pate, ambaye aliutumikia mzinga mmoja na Mselem na kutoka jeshini mapema zaidi. Alikuja na mkewe, Hindu. Mselem alimwendea kwa furaha, mkono mbele. Khatib akautazama ule mkono kama kitu kilichookotwa pwani. Mara upepo ukaubamiza mlango wa chuma, na wale wanaume wawili, kwa pamoja, wakageuza nyuso pembeni, wakaziba masikio na kuachama vinywa, kama wafanyavyo wapiga mota kombora likitoka. Mselem alijinyoosha upesi akajichekea. Khatib alibaki vilevile, kinywa wazi, mpaka Hindu alipomshusha mikono, mmoja baada ya mwingine.

Mkono wa Hindu mwenyewe ulikuwa umeungwa ukapinda. Alikaa karibu na Radhiya na hakumzungusha.

"Wako amepotea ndia lini?"

"Wiki iliyopita," Radhiya akasema, na hakujua kwa nini hakumficha.

"Wangu alipotea Siyu, kwao mamake. Mwaka wa tatu sasa." Hindu akaupapasa ule mkono uliopinda. "Hakunivunja kwa hasira, mwanangu. Aliniona ni mtu mwingine, nimemuingilia nyumbani."

Radhiya alirudi ndani, akafunga mlango nyuma yake, akamwambia Quinter yote: kanzu ya Jumanne, Hayat na ukuta, watu tisa ndani ya boti. Alipotoka, Mselem alimtazama usoni mara moja na akajua.

Kabla hawajaondoka, Quinter aliwaeleza jambo moja zaidi. Picha za kichwa alizopigwa Khatib Mombasa zilitoka safi. Walichokishuku watafiti hakionekani kwa mtu aliye hai. Huonekana chini ya hadubini, mwenyewe akishakufa. Kwa hiyo ilikuwako fomu ya kuridhia ubongo uchunguzwe baada ya kifo. Khatib alikwisha kuitia saini alipokuwa na fahamu zake, baada ya kwenda kumuuliza shekhe wake. Mselem aliisukuma ile fomu upande wa pili wa meza.

Khatib alifariki mwezi wa Shaabani, hospitalini Mombasa, kwa degedege zilizofuatana siku mbili. Ubongo wake ukachukuliwa kama alivyoridhia, mwili ukaletwa Pate ukazikwa kesho yake, na Mselem alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Alirudi Ndau bila kumuuliza mtu njia.

Miezi ikapita. Adhuhuri moja Quinter alipiga simu akisema Hindu ameruhusu nao waambiwe majibu ya uchunguzi. Mselem akataka simu iwekwe sauti juu, asikie. Quinter alizungumza polepole. Kwenye ubongo wa Khatib walikuta makovu membamba, kandokando ya mishipa ya damu na pale sehemu za ubongo zinapopakana, mahali wimbi la mlipuko hupita. Hakusema kuwa kila mpiga mota atakuwa nayo. Hakujua pia ugonjwa huo hukimbia kwa kasi gani.

"Una dawa yake?" Mselem akauliza.

"Ya kichwa ninayo, Bwana Mselem, na ya usingizi. Ya hayo makovu bado hatuna."

"Basi niletee ile karatasi."

Aliitia saini wiki iliyofuata. Boti alimkabidhi shemeji yake Abubakr, akampitisha kila mkondo wa mikoko mara tatu, wakati bado aliikumbuka. Watu waliouliza aliwajibu mwenyewe, na hakutaja homa.

Kisha, alasiri moja, akarudi kutoka dukani na komeo la chuma, refu kama mkono. Alilifunga kwenye mlango wa chumba cha Radhiya na Hayat, kwa upande wa ndani. Radhiya alisimama akimtazama akikaza skrubu ya mwisho.

"Ingia, ukomee."

Akaingia, akalisukuma komeo mpaka mwisho. Kisha Mselem akaja na bega lake lote. Mlango ukatetemeka, ukashika. Akaja mara ya pili, ukashika. Mara ya tatu mbao zililia, na Radhiya akaiona skrubu moja ikichomoza nusu, imebeba unga wa mti.

"Limeshika?" Mselem akauliza kutoka upande wa pili, akihema.

Radhiya aliweka kiganja juu ya lile komeo.

"Halikushika," akasema.

"Haya," Mselem akasema. "Nitarudi dukani nikatafute skrubu ndefu zaidi."